Taa ya Tyubu Inapopepesa

Katika nyumba nyingi za miji yetu, toka sebule za Tanga na Mombasa hata vyumba vya madrasa, zahanati, na maduka ya rejareja yanayofungwa usiku mwingi, iko ile taa ndefu nyeupe ya futi nne iliyokaa ukutani au chini ya dari miaka na miaka bila ya kuangaliwa na mtu, na ambayo siku moja, pasi na taarifa, huanza kuchezacheza: huwaka nusu, ikazimika, ikawaka tena, ikawatia maudhi wasomao na washonao, na ikamnyima raha mgonjwa aliyelala chini yake. Aghalabu mwenye nyumba hufanya moja ya mambo mawili. Ama huiacha icheze mpaka izime yenyewe, ama humwita fundi, naye akaing'oa taa nzima pamoja na fremu yake na kufunga nyingine. Kwa rai yangu mambo yote mawili ni hasara: la kwanza kwa kuwa taa inayopepesa huvila vipande vyake vilivyokuwa vizima, na la pili kwa kuwa katika taa ya namna hii kilichoharibika kwa desturi ni kipande kimoja tu, na mara nyingi ndicho kilicho rahisi kuliko vyote.

Lakini mtu hawezi kujua kipande kipi kina nakisi asipojua kwanza jinsi taa yenyewe inavyowaka. Globu ya kizamani huwaka kwa sababu uzi wake hutiwa moto hata ukang'aa, na sehemu kubwa ya umeme wake hupotea katika joto. Tyubu haina uzi wa kung'aa toka ncha hata ncha. Ndani yake hewa imetolewa, ikaachwa gesi kidogo ya agoni pamoja na zebaki kidogo mno, na katika kila ncha umefungwa uzi mfupi uliosokotwa na kupakwa dawa nyeupe. Umeme upitapo baina ya ncha hizo hupita katika mvuke wa zebaki. Mvuke huo hutoa miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu. Na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huipokea miali hiyo na kuigeuza kuwa nuru tuionayo. Kwa hila hiyo tyubu ya wati 36 hutoa mwanga mwingi kuliko globu ya kizamani ya wati 100, na ndiyo sababu ilitamalaki katika maduka, shule na maofisi.

Taa hii ina nasaba yake. Mwaka 1901 Mmarekani Peter Cooper Hewitt alipata hataza ya taa ya mvuke wa zebaki, yenye nuru nyingi lakini ya kijani na buluu isiyo na wekundu ndani yake, kiasi cha kuuvika uso wa mtu mwenye siha njema rangi ya maiti. Mwaka 1926 Edmund Germer na wenziwe wawili, huko Ujerumani, waliomba hataza ya taa iliyopakwa unga kwa ndani ili rangi hiyo isahihishwe. Na mwaka 1938 kampuni ya General Electric ya Marekani, ambako George Inman aliongoza kazi hiyo, ikaanza kuiuza kwa watu.

Tatizo la taa hii tangu mwanzo ni kuianzisha, kwa kuwa gesi iliyo baridi haikubali kupitisha umeme kwa volti 230 za nyumbani. Hapo ndipo wanapoingia wasaidizi wawili, choki na stata. Choki ni waya mrefu wa shaba uliozungushwa juu ya mabamba ya chuma na kufungwa katika kisanduku kizito cha bati, ndani ya fremu. Stata ni kile kikopo kidogo cheupe, urefu wake sentimita 4 hivi, kilichochomekwa ubavuni mwa fremu. Ukikivunja kilichokwisha kazi utakuta ndani yake kijiglobu cha kioo chenye vibamba viwili vya madini vinavyokaribiana bila ya kugusana, kimoja kimepindwa, na pembeni yake kapasita ndogo ambayo kazi yake ni kuzuia mikwaruzo isisikike katika redio. Kile kibamba kilichopindwa kimeunganishwa kwa madini mawili yasiyotanuka sawa, hivyo kikipata joto hujinyoosha, na kikipoa hurudi kilivyokuwa.

Sasa tazama mambo yanavyofuatana katika muda mfupi baina ya kubonyeza swichi na kupata mwanga. Umeme huanza kwa kuiwasha gesi iliyo ndani ya kijiglobu cha stata. Gesi hiyo hutoa joto. Kibamba hujinyoosha na kumgusa mwenziwe. Njia hufunguka, na umeme hupita katika choki na katika nyuzi mbili za ncha za tyubu, zikapata moto na kuanza kung'aa kwa wekundu. Lakini vibamba vilipogusana gesi ya stata ilizimika, basi kibamba hupoa, huachana na mwenziwe, na njia hukatika kwa ghafula. Choki haivumilii kukatwa hivyo. Nguvu ya sumaku iliyokuwa imejikusanya ndani yake hutoka kwa mkupuo wa mamia ya volti, ikaipasulia gesi njia toka ncha moja hata ya pili, na taa ikawaka. Gesi ikiisha kuwaka hutaka kuvuta umeme zaidi na zaidi hata ijiangamize, na hapo choki huigeukia kazi yake ya pili, ikaizuia kama lijamu imzuiavyo farasi. Tyubu ya wati 36 iliyo nzima, inapowaka, hubaki na volti 100 hivi baina ya ncha zake, kiasi kisichotosha kuiamsha stata. Nayo stata hulala mpaka safari nyingine.

Siri ya kupepesa imo humo. Tyubu ikishindwa kushika, au ikashika kitambo kidogo kisha ikakatika, volti zote huirudia stata, na stata huamka ikaanza kazi yake upya. Kila mpepeso tuuonao ni jaribio jipya la kuiwasha taa. Na kila jaribio hubandua kidogo ile dawa iliyopakwa katika nyuzi, huichosha stata na kuipasha moto choki, hata taa iliyoachwa kucheza usiku kucha yaweza kuchakaa kuliko ile iliyowaka kwa utulivu muda mrefu zaidi. Swali la mwenye nyumba, basi, ni kumjua anayeshindwa: stata, tyubu, holda inayoishika, choki, au umeme wenyewe.

Kabla ya kugusa lolote umeme uzimwe kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya ukutani peke yake. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu katika nyumba nyingi, hasa zilizofungwa nyaya na watu wasio na leseni, swichi ya ukutani imewekwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto, na taa iliyozimwa kwa swichi ya namna hiyo huwa gizani ilhali nyaya zake zingali na umeme kamili. Mtu asiyejua hilo hupanda juu na bisibisi mkononi kwa amani, na umeme haumtaki radhi. Baada ya kuzima, tumia tesita, na kabla ya kuiamini ijaribu kwanza katika soketi unayoijua kuwa ina umeme. Panda ngazi ya mbao iliyo imara. Kiti kilichopandishwa juu ya meza si ngazi. Kubadili stata na tyubu ni kazi ambayo mtu mzima yeyote mwenye utulivu aweza kuifanya, lakini inapofika kufungua nyaya au kubadili choki, mwachie fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati: EWURA kwa Tanzania Bara, EPRA kwa Kenya.

Anza na stata, maana bei yake ni ndogo kuliko ya kipande kingine chochote. Ikiwa ncha mbili za tyubu zinang'aa kwa wekundu bila kukoma na katikati ni giza, dhahiri vibamba vya stata vimegandana au kapasita yake imepasuka ndani, na tyubu yaweza kuwa nzima kabisa. Ikiwa taa inapepesa na ncha zake zingali nyeupe safi, stata ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Ishike, izungushe kidogo kinyume cha saa, itatoka. Mpya huingia kwa kusukumwa na kuzungushwa upande wa pili. Lakini soma kwanza maandishi yaliyo juu yake. Ziko stata zilizoandikwa wati 4 hadi 65, ambazo ni za tyubu moja iliyofungwa peke yake, na ziko zilizoandikwa wati 4 hadi 22, ambazo ni za zile fremu zenye tyubu mbili fupi za futi mbili zinazotumia choki moja kwa kufuatana. Ukiichomeka hiyo ya pili katika taa ya futi nne hupati utulivu, maana imeumbwa iamke kwa volti ndogo zaidi, nayo huweza kuamka wakati ilipopaswa kulala. Na watu wengi wamenunua tyubu mpya baada ya tyubu kwa taksiri ya kikopo kilichochaguliwa kwa kutazama umbo lake tu.

Stata mpya isipotuliza mambo, itazame tyubu. Wingu la kijivu karibu na ncha ni la kawaida, bali weusi mzito, mfano wa masizi, uliopanda kutoka kwenye kofia ya bati na kuuzunguka mrija, ni ile dawa ya nyuzi iliyobanduka na kugandamana na kioo. Tyubu hiyo imekula umri wake, na hakuna tadbiri ya kuirudisha. Mwenye mita aweza kupima vijiti viwili vya kila ncha: uzi mzima huonyesha omu chache tu, na uliokatika hauonyeshi kitu. Asiye na mita ana njia bora zaidi, nayo haina gharama: aichukue tyubu iliyo nzima katika chumba kingine, yenye wati zile zile, aijaribu hapa. Tyubu hutoka kwa kuzungushwa robo mzunguko kwa mikono miwili, mmoja kila ncha, kisha vijiti vyake huteremka katika mwanya wa holda. Ukiweka tyubu mpya weka na stata mpya. Kuziachanisha ni ubahili unaolipwa na tyubu. Na ukiona tyubu mpya inawaka ila mwanga wake unajipindapinda ndani ya kioo, usiirudishe dukani kwa pupa: zima na washa mara kadhaa, uiache iwake, na kwa kawaida hutulia.

Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, naye ni hewa ya chumvi. Shusha tyubu iliyokaa miaka michache katika nyumba iliyo karibu na bahari, uitazame mahali pa mwanga: vile vijiti vya shaba vilivyokuwa vikimeremeta vimevaa ukoko wa kijani, na ndani ya holda vile vibamba vinavyovibana vimefanya unga mweupe na kupoteza mkazo. Umeme unaopita katika kutu ya namna hiyo hupita kwa kusitasita, na taa hucheza hata kama tyubu na stata vimetoka dukani jana. Ishara yake ni kwamba ukiigusa tyubu kwa mti mkavu, au upepo wa feni ukiitikisa, taa hubadili hali yake. Dawa ni msasa laini wa kusugulia vijiti hata shaba ionekane, kitambaa kikavu cha kufutia, na kwa holda iliyolegea au iliyopasuka, holda nyingine. Naweka jambo hili mbele ya choki kwa makusudi, kwa sababu nimeona kuwa hapa pwani ndilo linalosahauliwa zaidi, na mafundi wa haraka hawalipendi kwa kuwa halina kipande kikubwa cha kuuza.

Choki huharibika kwa nadra, lakini ikiharibika ina hatari. Mlio hafifu ni tabia yake. Mlio mkali unaotikisa bati, joto lisilovumilika, na harufu ya lami inayoungua si tabia yake, na taa hiyo haifai kuwashwa tena hata usiku mmoja. Iko dalili nyingine iliyofichika: tyubu mpya ikigeuka nyeusi ncha zake kwa muda wa siku chache, mizunguko ya ndani ya choki imegusana, umeme unapita bila ya kizuizi cha kutosha, na kila tyubu utakayoiweka itauawa vivyo hivyo. Choki mpya lazima iandikwe wati zinazolingana na tyubu. Baadhi ya taa hazina stata wala choki nzito, bali kisanduku chepesi cha elektroniki kinachoiendesha tyubu kwa mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Taa hizo zikianza kupepesa, badili tyubu, na isiposaidia kisanduku hubadilishwa kizima.

Pengine vipande vyote ni vizima na kosa ni la umeme. Nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme mdogo jioni, saa ambayo pasi, majiko na mafriji ya mtaa mzima yanafanya kazi pamoja, na tyubu iliyowaka vizuri mchana hupepesa saa moja ya usiku kisha ikatulia watu wakilala. Ukiona taa za vyumba vyote zinafanya hivyo kwa wakati mmoja, usinunue kitu; peleka malalamiko kwa shirika la umeme. Baridi nayo ina sehemu yake, na wakazi wa Njombe na Makete wanajua jinsi tyubu inavyosita katika alfajiri za mwezi Julai.

Hata taa ya choki iliyo nzima hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu hugeuka mara 50, ingawa jicho halitambui. Nyumbani hilo si neno, lakini katika karakana yenye msumeno wa duara mwanga huo unaweza kulifanya gurudumu linalokwenda kasi lionekane limesimama, na mkono ukapelekwa penye meno. Seremala mwenye mashine ya namna hiyo asiangaze kazi yake kwa tyubu moja ya choki peke yake.

Tyubu iliyokwisha haistahili kutupwa jalalani wala kupewa watoto wakachezea panga. Zebaki iliyomo ni miligramu chache, lakini zebaki haiozi wala haipotei. Ikivunjika chumbani, toa watu, fungua madirisha kwa muda wa robo saa, usifagie kwa ufagio kwa kuwa ufagio huupeperusha unga. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, futa mahali hapo kwa karatasi iliyoloweshwa, na kila kitu ukitie katika chupa yenye kifuniko. Japani, katika mji wa pwani uitwao Minamata, zebaki ya kiwanda iliyomwagwa baharini iliingia katika samaki, na samaki wakawalemaza na kuwaua watu waliowala; maradhi yale yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu wanaoishi kwa kitoweo cha bahari hawana budi kulichukua jambo hilo kwa uzito. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, uliopewa jina la mji huo, ulitiwa sahihi mwaka 2013, na ni nchi za Afrika zilizopeleka pendekezo la kuziondoa taa za zebaki sokoni. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ilikubaliwa kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi vikome kwa hatua, kufikia miaka ya 2026 na 2027.

Kwa hiyo mwenye fremu nzima yenye tyubu iliyokufa ana haki ya kujiuliza kama anunue ya zebaki au aingie katika LED. Mimi nasema: stata ikiwa ndiyo mbovu, badili stata na uendelee, tyubu au choki ikiwa ndiyo mbovu, basi ingia LED, maana tyubu yake ya futi nne hutumia wati 18 hivi mahali ambapo ya zamani, pamoja na kinacholiwa na choki, ilikula 45. Fremu ile ile hutumika. Ziko tyubu za LED zinazouzwa na kikopo chake, kinachochomekwa mahali pa stata bila kugusa waya, mradi choki iwe ile nzito ya shaba, tena nzima; na ziko zinazotaka choki iondolewe katika njia ya umeme, ambazo nyingine hupokea nyaya zote mbili katika ncha moja na nyingine hupokea waya mmoja kila ncha. Hizi za mwisho, ncha moja ikiwa imechomekwa na umeme upo, vijiti vya ncha ya pili vyaweza kumpiga aliyeishika, kwa hiyo swichi kuu haina msamaha hata hapa. Aina ipi ni ipi, maandishi ya pakiti na herufi zilizopigwa kwenye kofia ya tyubu ndiyo yanayoeleza, na fundi ayasome kabla ya kukata waya.

Na fundi akimaliza mwambie aandike juu ya fremu, kwa kalamu isiyofutika, kwamba choki imeondolewa na kwamba humo inaingia tyubu ya LED tu, tena ya aina gani. Bila ya maandishi hayo, mpangaji ajaye ataiona fremu ya zamani, atanunua tyubu ya zebaki, na pale ambapo nyaya zote mbili zimepelekwa ncha moja, volti 230 zitapita moja kwa moja katika uzi wa omu chache. Uzi utaungua papo hapo na fyuzi ya nyumba yaweza kukatika.